Matairi Yote Yalikwenda Kushoto

Mguu wake wa kulia haukujua kutulia. Mezani ulipiga sakafu, kwenye foleni ya benki ulipiga sakafu, na hata usingizini, mumewe alisema, ulikuwa ukimtwanga mfululizo kama wa mtu mwenye gauni la kukabidhi asubuhi. Ndiyo maana mtaani walimwita Cherehani. Jina lenyewe lilimkaa kotekote, maana kazi yake ilikuwa kushona viti: vya magari, vya pikipiki, na makochi yaliyofumuka mshono. Chumba chake cha kazi kilipakana na gereji ya mumewe. Ukuta uliowatenganisha ulikuwa na kidirisha kisicho na kioo, na hapo walipitishiana koleo, vikombe vya chai na maneno ya siku nzima.

Mumewe naye alikuwa na jina lake. Waendesha pikipiki wenzake walimwita Ramani, kwa sababu katika msitu wa vilima ulio nje ya mji hapakuwa na kichochoro asichokijua. Kila mwaka, mvua zikianza kupungua, huko kulifanyika mashindano ya pikipiki: mzunguko mmoja mrefu, kupanda na kushuka katikati ya miti, juu ya mizizi, mawe na matope. Ramani alikuwa amezoea kushinda, na wenzake walikuwa wamezoea kugombea nafasi ya pili.

Na kila mwaka Cherehani alisimama kwenye mstari wa kumalizia, chupa ya chai mkononi, mama mkwe ubavuni, akingoja. Huko kungoja ndiko kulikomla. Kusikia injini zikinguruma mbali, zikapotea, zikaibuka upande usioutarajia. Kutojua ni nani, yuko wapi, kaanguka au hajaanguka. Angeambiwa ashone viti vya basi zima siku hiyohiyo angekubali, mradi asisimame pale.

"Mwaka huu na mimi naingia," alisema siku moja kupitia kidirishani, pini zikiwa mdomoni.

"Unaingia wapi?"

"Msituni. Kwenye mashindano."

Nyundo ikanyamaza upande wa pili. "Wewe unaendesha pikipiki kupelekea watu mito ya makochi."

"Na hakuna mto uliowahi kuanguka njiani."

Ramani alicheka, kisha akachungulia akaona mkewe hacheki. Kwa haki yake tuseme, hakumkataza. Alichukua pikipiki kuukuu iliyokuwa ikikusanya vumbi kwenye kona ya gereji, akaifungua yote, akaifunga upya, na kila Jumapili akampeleka kwenye vilima vilivyo nyuma ya kiwanda cha mbao.

"Usikae! Simama juu ya vikanyagio. Ukikaa, mlima unakukalia."

Akaanguka, akainuka. Akaanguka tena, akalitukana jiwe, akainuka. Kitu kilichomshangaza ni kwamba juu ya pikipiki ile mguu wake ulitulia. Ulikuwa na kazi ya kufanya.

"Na siku yenyewe ukipotea," Ramani alimwambia Jumapili ya mwisho, "usihangaike kutafuta tepe kwenye miti. Fuata alama za matairi yangu."

Mama mkwe habari hizi hazikumpendeza hata kidogo. "Mke wa mtu kuvaa suruali ya ngozi na kurukaruka porini! Chakula atapika nani?"

"Mwanao anajua kupika, mama."

"Hilo ndilo linaloniuma."

Siku ya mashindano ukungu ulikuwa bado umelala bondeni waendeshaji walipojipanga. Mwamuzi mkuu, mstaafu wa posta mwenye kipaza sauti na miwani iliyofungwa kamba shingoni, alirudia taratibu za mashindano. Mmoja baada ya mwingine, watapita vituo vitatu msituni. Kila kituo kina mtu mwenye kopo la rangi, atakayepaka alama kwenye kibao cha namba. Njia imewekewa tepe nyekundu na mlinzi wa msitu, na mwaka huu imebadilishwa kidogo. Ukimaliza, pikipiki inaingia ndani ya uzio mpaka ikaguliwe. Ukiitoa kabla ya ukaguzi, umejitoa mwenyewe.

Ramani alikuwa akikaza kamba za buti lake. Kama alisikia neno lile la kubadilishwa, hakuinua kichwa.

Bendera ikashuka. Wakaondoka kwa kishindo, tope likiruka nyuma yao kama mvua inayonyesha kwenda juu, na kabla ya kilima cha kwanza Cherehani alikuwa ameachwa. Nyuma yake alibaki mtu mmoja tu, fundi saa mwenye mvi ambaye kila mwaka alishika mkia na kila mwaka alifika akiwa anatabasamu. Huyo walimwita Polepole.

Hakujali kuachwa. Kilichomsumbua ni kitu kingine asichoweza kukitaja, kilichomfanya ageuze kichwa kila tawi lilipovunjika. Alipanda, alishuka, aliteleza juu ya mzizi akajikuta amekumbatia mti, akasukuma, akapiga kiki, akaendelea. Kituo cha kwanza akapakwa kijani. Cha pili, njano.

"Wenzako wamepita kitambo," alisema mpaka rangi wa kituo cha pili. "Mumeo mbele, anaruka kama mbuzi."

Baada ya hapo njia ikaingia kwenye misonobari minene, akafika njia panda.

Matairi yote yalikuwa yamekwenda kushoto. Hata mtoto angeona: mifereji mibichi ya tope, iliyopishana na kusongamana, ikiteremka kushoto kuelekea korongoni. Njia ya kulia ilikuwa imelala chini ya majani makavu, haijaguswa. Lakini kwenye shina la msonobari wa upande wa kulia, usawa wa bega, palikuwa na utepe mwekundu.

Alisimama, injini ikitetema kati ya magoti yake. Akatazama utepe, akatazama alama. Alama ya katikati, yenye meno mapana, aliijua. Tairi lile yeye mwenyewe alisaidia kulivalisha mezani kwao jikoni. *Fuata alama za matairi yangu.* Mtu anayeujua msitu huu kuliko aliyeupanda amekwenda kushoto, na nyuma yake wamekwenda wote. Nani yeye, mshona mito, aende kulia?

Angeweza kuzima injini amngoje Polepole washauriane. Lakini kungoja hakuwezi, na utepe ulikuwa utepe. Akakunja usukani kulia.

Njia nzima alijiambia amekosea. Kila kona alitegemea kukuta imefungwa na kichaka, ageuze, arudi na aibu yake. Tepe zilitokea, moja hapa, nyingine kule, na kila aliyoiona haikumtuliza bali ilimzidishia wasiwasi. Kama hii ndiyo njia, basi wale wako wapi?

Kwenye kituo cha tatu mpaka rangi alikuwa amekaa juu ya kopo lake akimenya njugu. Aliposikia pikipiki aliruka, njugu zikamwagika.

"Karibu, namba moja!"

"Acha utani. Wengine wamepita saa ngapi?"

"Wengine wapi? Nimekaa hapa tangu asubuhi sijaona hata sungura."

Akampaka bluu. Cherehani akatazama nyuma, kwenye miti iliyosimama kimya, kisha akaendelea.

Alipovuka mstari wa kumalizia hapakuwa na shangwe. Watu walisimama wakimkodolea macho, wengine wakichungulia nyuma yake. Mwamuzi mkuu alivaa miwani, akasoma rangi kwenye kibao: kijani, njano, bluu. Akavua miwani.

"Zote zipo," alisema taratibu, kama mtu anayejisomea barua ya kigeni. "Ingiza pikipiki ndani ya uzio, mama. Tutangoja wengine."

Mama mkwe alikuwa amekwisha kumfikia, chupa ya chai kifuani. "Mwanangu yuko wapi?"

"Sijui, mama. Walikwenda kushoto."

"Kushoto wapi?"

"Kwenye korongo. Mimi nilikunja kulia, wao wakaenda kushoto."

Mlinzi wa msitu, mtu mfupi mwenye koti la mvua, alishtuka. "Korongo? Kule tuliachana nako mwaka huu. Daraja la magogo limeoza. Ndiyo sababu ya kubadilisha njia."

Mwamuzi mkuu alijaribu simu. Msituni simu hazikushika. Akaagiza watu wachukue machela waende kwa miguu, maana gari lisingepita zaidi ya barabara ya wakata miti. Cherehani alisikiliza haya yote akiwa amekaa juu ya pikipiki yake ndani ya uzio, na mguu wake ukaanza.

"Kwa miguu watafika lini?" aliuliza.

"Watafika."

"Mimi nitafika kabla yao. Kwa barabara ya wakata miti mpaka kituo cha pili, halafu pale panda."

"Unajua taratibu. Ukiitoa hiyo pikipiki umejitoa. Tafuta nyingine."

"Nyingine iko wapi? Zote ziko huko!"

Alishuka akakimbilia gari lao dogo la mizigo, akachomoa nyuma ya kiti mkanda mrefu wa kuvutia magari. Mkanda huo aliushona mwenyewe kwa uzi wa viti vya malori, mshono juu ya mshono, baada ya ule wa dukani kukatika. Akauzungusha kiunoni. Aliporudi, mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya tairi la mbele, ameikumbatia kofia ngumu ya Cherehani.

"Nipe kofia, mama."

"Sikupi."

"Mama, mwanao yuko huko."

"Najua yuko huko!" Sauti ilimpanda ikamvunjikia. "Mtoto mmoja ninaye humo ndani. Nikikuacha wewe uende, watakuwa wawili."

Tangu aolewe Cherehani hakuwahi kuhesabiwa hivyo. Alinyoosha mikono, na yule mama, badala ya kumpa kofia, akamvalisha mwenyewe, akamfunga kamba ya kidevuni, akaikaza kupita kiasi.

Akapiga kiki.

Barabara ya wakata miti ilikuwa pana na mbovu. Aliipita akiwa amesimama juu ya vikanyagio, mashimo yakimpiga magotini. Kwenye panda mara hii alikwenda kushoto. Mteremko ulikuwa utelezi mtupu, na katikati akaona busara kuiacha pikipiki hapo, imeegemea mti, ateremke kwa miguu. Sauti alizisikia kabla ya kuwaona watu.

Daraja lilikuwa limekatika katikati. Chini yake, ndani ya kijito, alilala mwendeshaji mkubwa kuliko wote, muuza nyama waliyemwita Bucha, gogo limemkandamiza mguu na maji yakimfika kifuani. Nyuma yake, ndani ya maji hayohayo, Ramani alikuwa amekaa, amemshika makwapani ili kichwa kisizame. Midomo ilikuwa imempauka. Wawili wengine walikuwa wamelibeba gogo mabegani lisizidi kushuka, na wa mwisho, mwalimu wa hesabu, alikuwa akiserereka ukingoni, viganja vinachuruzika damu. Kila alipojaribu kupanda tope lilimrudisha. Yeyote angeachia, kitu kingeanguka.

Bucha ndiye aliyemwona kwanza. "Cherehani," alisema kwa meno yaliyokazana, "umechelewa, kama kawaida yenu mafundi."

"Nani kakwambia tuko huku?" Ramani aliuliza.

"Matairi yenu."

Hakumtazama zaidi. Alifungua mkanda kiunoni, akaupitisha chini ya ncha ya gogo, akaufunga, akapanda tena akitambaa kwa viwiko. Juu, akauzungusha kwenye shina la msonobari ili uvute kwenda juu, ncha akaifunga kwenye chasisi ya pikipiki. Mara ya kwanza alifungua mafuta kwa pupa. Tairi likazunguka bure, likatapika tope.

"Klachi!" Ramani alipiga kelele kutoka chini. "Achia klachi polepole!"

"Nyamaza!" alijibu kwa sauti ambayo hakujua anayo.

Akavuta pumzi. Akaachia klachi taratibu, kama anavyoshusha sindano kwenye ngozi ghali. Mkanda ukajikaza, ukalia. Alisikia nyuzi zikilalamika, moja moja, akakumbuka mahali alipounganisha, akajiuliza kama pale alipitisha mshono wa mwisho au alisema atapitisha kesho. Pikipiki ikasogea urefu wa kiganja. Kisha mwingine.

"Limenyanyuka! Shikilia hapohapo! Shikilia!"

Akashikilia. Mikono ilikufa ganzi. Kutoka chini ulitoka ukelele wa Bucha, mrefu, kisha maji yakachapwachapwa, kisha mwalimu wa hesabu akapaza sauti, "Katoka! Katoka!" Hapo ndipo alipozima injini.

Watu wa machela walifika wakawakuta wote ukingoni, wameloa, Bucha amefunikwa makoti ya kila mtu.

Bucha alipokwisha kupelekwa hospitalini, waliobaki waliitwa kwenye hema la waamuzi. Mama mkwe alikuwa akimsugua mwanawe kichwa kwa taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, na mwanawe amekubali. Mwamuzi mkuu alitaka kujua ilikuwaje.

"Pale panda hapakuwa na utepe," alisema mmoja wa wale waliobeba gogo.

"Mimi sikuuona," alisema mwalimu wa hesabu. "Nilifuata wa mbele."

Macho yote yakamgeukia mlinzi wa msitu. Yule mtu mfupi akavua kofia. "Niliufunga. Kwa mkono wangu."

"Yawezekana ulilegea," alisema mwamuzi mkuu. "Yawezekana ulisahau. Mtu amevunjika mguu, bwana. Hili jambo litafika kwa wakubwa wako."

Cherehani alimtazama mumewe. Ramani alitazama sakafu ya mbao. Cherehani angeweza kusema mwenyewe. Alikuwa ameuona utepe ule kwa macho yake. Mdomo aliufungua kabisa. Lakini akaufunga, akangoja, na kungoja huko kulikuwa kubaya kuliko kote alikowahi kungoja. Mbao za sakafu zilidunda chini ya mguu wake.

"Utepe ulikuwepo," Ramani alisema mwishowe, akiondoa mkono wa mama yake na taulo. "Niliuona."

"Uliuona?"

"Niliuona. Nikadhani aliyeufunga kakosea. Nikawaonyesha wenzangu kwa mkono: kushoto."

Mlinzi wa msitu alivaa kofia yake akatoka nje bila kumwangalia. Ni mwalimu wa hesabu tu aliyenong'ona, "Kwenye daraja lile wa pili kupita ningekuwa mimi," akaangalia viganja vyake vilivyofungwa bandeji.

Wakati huo ndipo Polepole, aliyekatikiwa mnyororo msituni, alipofika kwenye mstari, rangi zote tatu kibaoni, akitabasamu, akiuliza mbona watu wana sura za msibani. Taratibu zikasemwa kama zilivyoandikwa: Cherehani alijitoa mwenyewe, mshindi ni Polepole. Mzee wa watu alipoelezwa mkasa wote alimfuata Cherehani kwenye gari, kombe mkononi, amesikitika hasa.

"Chukua, mwanangu. Hili ni lako."

"Hapana, mzee. Wewe umefuata tepe mpaka mwisho. Nenda ukanywee chai humo."

Walirudi nyumbani watatu kwenye kiti kimoja cha mbele, mama mkwe katikati. Njia nzima yule mama alizungumza juu ya bei ya vitunguu, bila kupumua. Walipomshusha kwake, alimshika mke wa mwanawe shavuni kwa kiganja kikavu, akaingia ndani bila kuaga.

Jikoni kwao Ramani alianza kuandaa chakula, labda kwa sababu mikono yake ilihitaji kushika kitu. Cherehani alizunguka meza, akafunga dirisha, akalifungua.

"Uliniambia nifuate matairi yako."

"Najua."

"Kidogo tu nifuate. Ningekuwa humo kijitoni, na hakuna mtu angejua tuko wapi."

"Najua."

"Usiniambie unajua! Hicho kujua kwako ndicho kilichotupeleka."

Ramani aliweka kisu chini. Alikaa kwenye kiti, akafunika uso. Cherehani hakwenda kumshika. Alitaka, na hakutaka, na akatoka uani akafua nguo zenye tope ambazo zingeweza kukaa mpaka kesho.

Hasira yake ilidumu kuliko alivyodhani. Wiki ile kila asubuhi Ramani alikwenda hospitalini, na kila asubuhi, Cherehani aliambiwa na watu, alisimama kidogo mlangoni mwa wadi, kisha akageuza. Mke wa Bucha alikuwa ndani. Siku ya kwanza alimsalimia, na yule mama akageukia ukutani.

Jumamosi Cherehani alikwenda naye. Ramani alisimama palepale, mfuko wa machungwa mkononi. Cherehani akaenda kukaa kwenye benchi la korido, akasimama, akasoma tangazo la kunawa mikono, akakaa. Mke wa Bucha alitoka wadini na beseni, akaliweka chini, akaketi kando yake. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Daktari anasema mguu utaunga," alisema. "Lakini hatatembea kama zamani."

"Pole, dada."

"Wewe sina neno na wewe." Alikunja pindo la gauni. "Yule naye atasimama mlangoni mpaka lini? Mgonjwa mwenyewe anamwulizia kila siku. Mwambie aingie. Mimi nitakaa hukuhuku."

Cherehani aliinuka akamfuata mumewe. Alimwekea sawa mfuko wa machungwa, akamgusa mgongo katikati ya mabega, akamsukuma kidogo. Ramani akaingia.

Mlango ukajifunga. Kutoka ndani alisikia sauti nzito ya Bucha, kisha ya mumewe, chini sana, kisha kimya. Alisogea karibu. Muuguzi alipita na toroli la dawa, magurudumu yakapiga kelele yakafunika kila kitu. Yalipokwisha kupita, sauti ndani zilikuwa zimeanza tena, na hakuweza kujua kama wanagombana au wanacheka. Mke wa Bucha naye alikuwa ameinua kichwa. Wanawake wawili wakatazamana. Kisha yule mwingine akasogea kwenye benchi, akaipigapiga kwa kiganja nafasi iliyo kando yake, na Cherehani akaja akakaa.